Chumvi Niliyoifuta

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa tano, nimepiga magoti chini ya sakafu ya chumba cha injini cha yoti ya kifahari, maji ya bahari yamenifika kifuani, mikono inapapasa koki nisiyoiona. Taa zilikuwa zimezimika. Juu yangu wageni kumi na wawili walikuwa mezani. Na asubuhi hiyohiyo, saa nne tu kabla, mmoja wao alikuwa amesimama mahali hapohapo, miguuni ana soksi nyeupe, akasema chumba hiki ni kisafi hata mtu angeweza kulia chakula sakafuni.

Aliyekisafisha ni mimi. Na maji yale, mwanangu, yaliingia kwa sababu ya usafi wangu.

Umenitumia picha yako ukiwa na shati jeupe la kazi, umesimama kando ya yoti yako ya kwanza. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikiitazama nainuka kitini, naenda jikoni, nashika bomba la sinki kuona kama limelowa, narudi. Mama yako anasema nimekuwa kama paka aliyefungiwa ndani. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia yote, kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Mimi ni mtu wa Kitui. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, kupitia dirisha la ndege. Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa mitambo, lakini nilifika Dubai kama walivyofika wengi wetu miaka ile ya elfu mbili: mlinzi. Tulilala Muhaisnah, watu wanane chumba kimoja, na basi la kampuni likitusambaza, kila mmoja kwenye lango lake. Langu lilikuwa lango la gati moja la yoti, upande ambao minara ilikuwa ikipanda kwa kasi, hata ukienda likizo ukirudi unapotea njia.

Kazi ya mlinzi ni kutazama, nami nilitazama. Nilikuwa na daftari. Niliandika chombo kipi kimeingia, kipi kimetoka, na nani kasahau viatu vyake. Na kwa kuwa ile elimu yangu ilikuwa ikiniwasha, niliandika pia mashine zao zinavyokwenda. Miaka mitano niliandika hivyo, na hakuna aliyewahi kuniomba nisome.

Asubuhi moja akapita mzee mmoja aliyekuwa akipita kila siku, kofia kichwani, kikombe cha chai mkononi. Nilimjua kwa sura tu. Nikajikaza.

"Shikamoo mzee. Jenereta yenu ya kushoto inatema maji kwa kukatakata. Jana ilikuwa inatema sawasawa."

Akasimama. "Marahaba. Nani kakwambia?"

"Macho, mzee."

"Mlinzi ana macho!" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Na hiyo tochi wamekupa ya nini, basi?"

Akaenda zake. Baada ya nusu saa akarudi ameshika mfuko wa plastiki unaochuruzika maji. Ulikuwa umeziba chujio la maji ya kupoza jenereta. Akauweka mezani kwangu kama zawadi, akaniuliza nimesoma wapi. Nikamweleza.

"Na hicho cheti kipo wapi?"

"Kwenye bahasha, mzee. Chini ya godoro."

"Basi kiamshe. Kimelala vya kutosha."

Huyo ndiye Mzee Khelef, mkuu wa injini wa yoti ile. Alizaliwa Unguja, akaja Dubai kijana, akaoa, akazaa, akazeeka hapohapo, na Kiunguja chake hakikuchuja hata kidogo. Ilichukua miezi minne kuhamisha karatasi zangu kutoka kwa kafeel mmoja, yaani mdhamini wa kazi, kwenda kwa mwingine, na miezi yote minne alikuwa akinipitia langoni kuniambia, "Bado tupo, Kioko. Usikate tamaa." Nilipanda chombo nikiwa na miaka thelathini na moja. Weka umri huo akilini.

Kwenye yoti mkuu wa injini huitwa chifu. Siku ya kwanza nilimwita hivyo, nikacheka peke yangu. Akataka kujua kinachonichekesha. Nikamwambia kwetu chifu ni mtu wa serikali, anaitisha baraza na kukamata wapika chang'aa.

"Jihadhari basi," akasema. "Mimi sina shughuli na chang'aa. Mimi nakamata uongo."

Sasa nikueleze desturi mbili za chombo kile, maana habari yote imekaa katikati yake.

Ya kwanza ilikuwa ya kapteni. Unajua tayari kwamba kwenye yoti viatu huachwa ndani ya kapu gatini, watu hutembea pekupeku au na soksi. Kapteni wetu, Mwingereza mrefu asiyepaza sauti, alikuwa na jambo lake la kila Alhamisi. Alivaa soksi nyeupe mpya, akashuka chumba cha injini, akatembea mbele na nyuma, kisha akakaa kwenye ngazi na kuinua mguu kutazama wayo. Wayo ukiwa mweupe, alisema asante akapanda. Ukiwa na doa hakusema neno. Aliivua ile soksi akaitundika kwenye mkono wa ngazi, na ilibaki hapo wiki nzima tukipishana nayo.

Wiki yangu ya pili soksi ilitundikwa. Nakato, dada wa Kiganda aliyehudumia vyumba vya wageni, alishuka kuchukua balbu, akaiona.

"Kumbe ssebo nawe uko kitengo cha dobi kama mimi!"

Niliungua masikio. Nikaapa haitatundikwa nyingine, na kweli haikutundikwa. Tangu siku hiyo nilikuwa nafuta. Nilifuta mabomba, nilifuta boliti, nilifuta hata sehemu ambazo hakuna mguu wala jicho lingefika. Arbab, mwenye chombo, akaanza kuwashusha wageni wake waione injini. Nilisimama pembeni nimevaa shati jeupe, nikasikia wakisifu.

Desturi ya pili ilikuwa ya Mzee Khelef. Alikuwa na vitambaa vyeupe alivyokata kutoka shuka kuukuu za wageni. Kila jioni alivitandaza chini ya mashine: kimoja chini ya pampu, kimoja chini ya kila jenereta, viwili chini ya injini kubwa. Asubuhi alivisoma kimoja kimoja kama mtu anayefungua gazeti. Doa la rangi ya asali lilimwambia hili, doa jeusi lilimwambia lile. Doa lenye ukingo mweupe mkavu lilikuwa maji ya bahari yaliyokauka. Kisha aliandika kwenye kitabu cha injini, na hapo tu ndipo aliposhika tambara.

"Tazama, andika, ndiyo ufute," aliniambia. "Mashine haina mdomo, ina doa. Ukilifuta hujalisoma, umeinyamazisha."

Nilimwitikia ndiyo mzee. Lakini alivyokuwa akitandaza vitambaa vyake jioni, mimi asubuhi nilikuwa nashuka kabla yake. Nilikuwa sina subira ya kumngoja mzee wa miaka sitini na kitu amalize chai. Siku za Alhamisi nilivikusanya mapema ili kapteni asivikute, nikafuta kila kitu, na mzee aliposhuka alikuta chumba kinang'aa na mimi naomba kazi nyingine. Mara mbili alinikaripia. Mara ya tatu hakunikaripia. Alianza kushuka mapema zaidi siku nyingine zote, ila Alhamisi akaniachia.

Unaweza kuuliza nilikuwa nakimbilia nini. Nitakwambia.

Ili nikubaliwe kufanya mtihani wa cheti cha injinia wa yoti nilihitaji siku za baharini, yaani siku ambazo chombo kimetoka na injini zimefanya kazi, zikaandikwa kwenye kitabu changu na kusainiwa na mkuu wangu. Na yoti, mwanangu, ni kitu kinachokaa. Inafungwa kamba gatini, inaoshwa, inapigwa picha, inakaa. Arbab alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Wiki zilipita hatujasogea. Nilikuwa natembea gatini huku na huko nikihesabu vyombo vya wenzetu vikitoka. Vijana wa miaka ishirini na miwili walikuwa wakipita na mabega yenye mistari ya dhahabu, mimi nina miaka thelathini na moja na tambara mkononi. Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri, nikikaa mguu unacheza. Nakato alisema nikikaa kwenye kiti kinaomba talaka.

Kisha ikaja habari. Mwisho wa mwezi wa tano arbab angetoka na wageni: chakula cha mchana mbele ya pwani ya Jumeirah, halafu moja kwa moja mpaka Musandam, upande wa Oman, siku kumi. Nilifungua kitabu changu nikahesabu. Siku hizo kumi zingenitosha. Mtihani ulikuwa wiki tatu baada ya safari.

Na mwanzoni mwa mwezi huohuo nikaiona chumvi.

Ilikuwa kwenye mpira mweusi uliopinda, ule unaoleta maji ya bahari kupoza jenereta ya kushoto. Pale mpira unapoingia kwenye bomba kuna kibano cha chuma, na chini ya kibano kulikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, upana wa ukucha. Nilijua ni chumvi. Nilijua pia chumvi haiji bila maji. Lakini yoti ya jirani yetu ilikuwa imengoja mpira wa aina hiyo wiki sita, unaletwa kutoka Ulaya, na wiki zote hizo haikuruhusiwa kutoka. Nikapitisha tambara. Pakawa pakavu. Nikafungua kitabu cha injini, kwenye safu ya hali ya viungo nikaandika neno moja: kavu.

Kesho yake ukoko ulikuwa umerudi. Nikafuta, nikaandika kavu. Nikaanza kushuka mapema kuliko yeye kila siku, si Alhamisi tu, ili kitambaa cha chini ya jenereta ile nikibadilishe kabla mzee hajakisoma. Sikuwa naandika uongo, nilijiambia. Saa ile ninayoandika, pale mahali palikuwa pakavu kweli.

Katikati ya mwezi Mzee Khelef alikuwa amekaa kwenye sanduku la vifaa, miwani puani, anapitia kitabu. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nasugua kitu kisichohitaji kusuguliwa.

"Kioko."

"Naam, chifu."

"Hii kavu uloandika hapa. Umeiona kavu kabla hujapitisha tambara, au baada?"

Sikugeuka. Mpaka leo nashukuru na najuta kwamba sikugeuka, kwa sababu sijui uso wake ulikuwaje.

"Kabla, mzee."

"Haya," akasema, akafunga kitabu.

Hapo ndipo habari yangu ilipoamuliwa, mwanangu. Mpira ule haukuwa umepasuka bado. Mtu alikuwa amenifungulia mlango, akausimamia, akaniuliza kwa upole kama nataka kutoka.

Siku ya safari nilishuka alfajiri. Nilitaka chumba kile kiwe kama sahani. Niliosha hata ngama, yaani lile tumbo la chini ya sakafu ambamo maji yote yanayovuja hukusanyika. Ndani ya ngama kuna king'ora: maji yakipanda, kinalia. Nilipokuwa naosha kilianza kulia, nikakizima kisiamshe watu. Wageni wakapanda, wakashuka na soksi zao, yule mmoja akasema la kulia chakula sakafuni. Tukatoka, tukatia nanga mbele ya Jumeirah. King'ora sikukiwasha tena. Nilisahau, na nilisahau kwa sababu nilikuwa natabasamu.

Nilikuwa nyuma ya chombo nasaidia kuteremsha boti ndogo wakati viyoyozi viliponyamaza. Kisha muziki. Ule mpira ulikuwa umechomoka kwenye kibano chake, jenereta ikakosa maji ya kujipoza ikajizima, na bahari ikawa inaingia kupitia bomba lililobaki wazi, bila mtu kujua kwa muda gani.

Nilipofungua mlango niliona giza, na sauti ya maji mahali ambapo haitakiwi kuwepo. Nilinyanyua bamba la sakafu nikashuka. Koki ya kufunga maji yale nilikuwa nimeifuta mara nyingi, lakini kukifuta kitu na kukijua mahali kilipo gizani ni mambo mawili. Nilipapasa. Nilishika bomba, nikashika boliti, nikashika bomba lingine. Nilikuwa nalia, sijui kwa hofu au kwa hasira.

Mzee Khelef akaingia na tochi. Hakuniita. Mwanga ulipita ukutani, ukasimama kwenye swichi ya king'ora. Akaitazama ilivyogeuzwa. Akaigeuza. King'ora kikalia humo ndani mpaka meno yakauma. Ndipo akashuka majini na nguo zake zote, akanisogeza kwa bega, akapeleka mkono mara moja tu, akafunga koki.

"Panda," akasema. "Kawashe pampu."

Hakuna aliyeumia. Chombo hakikuzama. Wageni walirudishwa pwani kwa boti ndogo wakiwa na glasi zao mikononi, wengine wakicheka. Lakini jenereta moja ilikuwa imeharibika, Musandam ikafutwa, na yoti ikavutwa mpaka gatini kama ng'ombe mgonjwa.

Siku ya tatu akaja mkaguzi wa bima, Mhindi mpole mwenye miwani. Tulikaa wanne kwenye ukumbi wa wageni: yeye, kapteni, Mzee Khelef, na mimi nimekaa ukingoni mwa kiti. Nilikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha: niliona chumvi, nikaifuta, nikaandika kavu. Kwa vyovyote kitabu kingenisemea, maana karatasi moja ilibeba mwezi mzima, na karatasi ya mwezi wa tano ilijaa kavu, kavu, kavu, kwa mwandiko wangu.

Mkaguzi alifungua kitabu cha injini. Akafunua. Akarudi nyuma, akafunua tena. "Mwezi wa tano uko wapi?"

Haukuwepo. Baada ya mwezi wa nne ulikuja ukurasa mweupe wa mwezi wa sita. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono wa kitabu. Karatasi ilikuwa imekatwa.

Kapteni alinitazama. Mimi nilitazama zulia. Mzee Khelef akasema, kwa kile Kiingereza chake cha polepole, kwamba yeye ndiye mkuu wa chumba, na kama kitabu hakisemi basi aulizwe yeye. Kiungo kile kilikuwa chini ya jicho lake. King'ora kilikuwa chini ya mkono wake. Hana zaidi.

Nikafungua mdomo.

"Kioko," akasema kwa Kiswahili, bila kunitazama, "tuletee chai."

"Mzee, mimi nilikuwa…"

"Chai, mwanangu. Khalas."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. Niliinuka. Jikoni Nakato alikuwa tayari na maji ya moto.

"Mbona unatetemeka, injinia?"

"Baridi."

"Baridi," akasema. "Dubai. Mwezi wa tano." Akanipa sinia, akashikilia upande mmoja mpaka nilipotulia ndipo akaachia.

Niliporudi na chai walikuwa wanazungumzia mambo mengine. Watu nimewahi kuwaambia kwamba nilikuwa karibu kusema, na kwamba mzee ndiye aliyenizuia. Wewe nakwambia zaidi ya hapo: chai ile ilinichukua dakika kumi, na baada ya dakika kumi walikuwa bado wamekaa, na mdomo wangu ulikuwa bado ninao.

Wiki haikuisha, ofisi ya arbab ikatuma neno. Mzee Khelef apumzike. Miaka yote ile kwenye vyombo vya watu, na hivyo ndivyo ilivyokwisha. Nilimkuta chumba cha injini anakunja vitambaa vyake. Akaniomba kitabu changu cha baharini. Akakaa kwenye sanduku la vifaa, akaandika siku zangu zote nilizotoka, moja moja, na ile ya Jumeirah, akasaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akafunga kalamu, akanitazama juu ya miwani.

"Huna la kuniambia?"

Mara ya pili, mwanangu. Mlango uleule, na yeye yuleyule ameusimamia.

"Safari njema, mzee," nikasema.

"Haya," akasema.

Mkwewe alikuja kumchukua kwa gari dogo. Mzee alivaa viatu vyake kutoka kwenye kapu, taratibu, akaegemea nguzo. Hakugeuka nyuma.

Siku zilizonipungukia nilizipata kwenye chombo kingine, mwaka uliofuata. Ule mtihani niliokuwa naukimbilia ulinipita hivyohivyo. Baadaye nilipata cheti, nikawa mkuu wa injini, nikatembea bahari nyingi, na leo nasimamia matengenezo kwenye karakana moja Al Jaddaf, ambako yoti huletwa zikiumwa ili zipone. Kila cheti nilichonacho kimesimama juu ya saini ile. Vijana wangu wananicheka kwa sababu mwezi wa kwanza simpi mtu tambara. Nampa kalamu. Na vitambaa vyeupe hutandazwa chini ya mashine zangu kila jioni, na kapteni asiyevipenda namwambia avae soksi nyeusi.

Mzee Khelef nasikia yuko Hatta, kwa binti yake, ana miaka themanini na kitu. Si mbali. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kwenye kituo cha mafuta, nikanywa chai, nikarudi. Mara ya pili nilifika mpaka langoni. Nilisikia redio ndani, na mtu akikohoa. Niliweka mkono kwenye kengele, kisha nikaona kwamba nitaanza kwa kusema habari za barabara na joto, na nitaondoka nikisema safari njema. Nikageuza gari. Nina namba ya simu pia. Inaita, nami nakata kabla haijapokelewa.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine iliyonigharimu zaidi. Unaingia kwenye kazi ambayo watu watakupenda kwa kung'aa. Watakusifu kwa kile wasichokiona. Usiruhusu sifa hiyo ikufundishe kazi. Ukiona alama, iache ikae mpaka umeitazama vizuri na kuiandika kama ilivyo, hata kama kuiandika kutakufungia chombo gatini na kukukosesha kila mtihani wa mwaka huo. Mtihani hurudi mwaka ujao. Na ukiwa umeshakosea, na utakosea, basi atakapokuja mtu kukuuliza kwa sauti ya chini, geuka umtazame na umjibu mara hiyo ya kwanza. Jibu la mara ya kwanza lina maneno machache sana. Mimi yangu yalikuwa mawili: baada, mzee. Leo nimejaza karatasi hizi zote na bado sijayasema kwake.

Mungu akutangulie huko uendako, mwanangu. Akupe macho ya kuona kidogo kabla hakijawa kikubwa, na mkono usiopapasa gizani. Akupe mkuu atakayekuuliza, nawe akupe ulimi wa kumjibu. Utoke na urudi, na jina lako liwe zima kila unaporudi. Amina.

Limebaki jambo moja, la ile karatasi iliyokatwa, nami naliweka hapa mwisho kwa sababu sijui pa kuliweka. Kapteni alikuwa na sababu zake, maana kitabu kilichoandikwa kavu mwezi mzima kingewapa watu wa bima mengi ya kuuliza. Alirudi kwao na sikumsikia tena. Mzee Khelef ndiye aliyenifundisha nisifute alama, na sijawahi kumwona akifuta hata moja kabla ya kuisoma. Kabati la kitabu cha injini lilikuwa na funguo tatu: mmoja wa kapteni, mmoja wa mzee, mmoja wangu. Karatasi ya mwezi wa tano ilikatwa kwa wembe, karibu kabisa na uzi, kazi safi.

Sikuikata mimi.